Sehemu ya Tano

Tulianzia kwenye meza ya jikoni kwa Orest Hlady:
kahawa iliyochemka mara tatu, kalamu moja,
bei imeandikwa nyuma ya risiti ya mbolea.
Nje, Saskatchewan ilikuwa nyeupe hadi macho yalipokoma,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi kwake.

Ndege yenyewe tulikuwa hatujaigusa.
Ilikaa ghalani kwa mjane Lindqvist, mwaka wa tisa sasa,
viti viwili, bawa moja chini ya turubai,
magurudumu yamenywea kama mandazi yaliyokosa hamira.
Wendell, fundi wa mashine za kuvunia ngano,
akasema injini ni injini, haijui kama iko angani.
Delphine akasema, sisi tutajua.

Tukaigawa kwa kalamu, robo kwa robo.
Nikauliza, mimi mwalimu wa hesabu, robo ipi ya nani?
Orest akataka pua.
Delphine akashika bawa la kulia.
Wendell akaomba chochote kinachovuja.
Mimi nikaachiwa mkia,
kama mgeni aliyefika karamuni sufuria zikioshwa.

Najua, manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Kwa hiyo kanuni ya kwanza tuliifanya fupi:
aliyeketi kushoto ndiye anayeamua;
wa kulia ashike ramani,
na ulimi aushike pia.
Ya pili: anayerudi ajaze tangi.
Ya tatu: kopo la kahawa ni benki, deni lisivuke Jumapili.
Ya nne aliitia Orest, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuumia:
hatutaiita klabu. Klabu huwa na mwenyekiti.

Kesho yake tukaenda kwa Alma Lindqvist.
Alikuwa ananoa mnyororo wa msumeno,
akatusikiliza bila kuacha kunoa,
jino, jino, jino.
Kisha: "Sitaki pesa zenu zote. Gawanyeni kwa tano."
Orest akakohoa. "Lakini huna leseni, mama."
"Nanyi hamna ghala."

Basi, tano.

Theluji ilipolainika tukaifungua bawa la kushoto
na ndani tukakuta viota vya panya,
vimefumwa kwa ramani za marehemu Einar:
kipande cha mto, kipande cha reli,
mji mzima umetafunwa ukawa godoro.
Wikendi kumi na moja za kukwangua, kushona, kupaka.
Bima ilitugharimu kuliko propela.
Delphine alilia mara moja, kwa sababu ya boliti.
Mkaguzi alipokuja alizunguka mara mbili, akagonga hapa na pale,
akatia sahihi, akakataa chai.

Mei, uwanja wa nyasi nyuma ya ghala.
Nani kwanza? Tukavuta mabua ya ngano
kutoka kwenye ngumi ya Wendell.
Refu likamtokea Alma.

Hakuwahi kupanda, hata siku moja.
Miaka thelathini na minne aliisikia kutoka jikoni,
alijua kwa mngurumo kama mumewe anarudi na hasira
au na njaa tu.
Hakuwahi kualikwa; naye hakuomba.
Sasa akafunga mkanda kama anayefunga gunia,
Orest kushoto, ametulia ghafla,
na nyasi zikalala, zikainuka.

Watatu tulibaki chini, shingo zimepinda
kama kuku waliosikia mwewe.
Nikautazama mkia wangu ukiondoka,
nikaona aibu jinsi nilivyoupenda.

Walipotua, Alma hakusema kitu.
Alinyoosha mkono, akataka daftari,
akaliegemeza juu ya injini iliyokuwa bado moto,
akaandika kwa herufi za kusimama:

*A. Lindqvist. Dakika arobaini na mbili.
Petroli nimelipa.
Paa la ghala lina kutu upande tusioona.
Panya mmoja bado yumo.*