Nyingine, Taja

Nimepewa dodoso la kurasa kumi na moja,
kalamu mbili za buluu
na kiapo cha kutotaja jina.
Kisauni, nyuma ya zahanati, chumba cha kupimia watoto wachanga:
feni inakata hewa ile ile,
na binti aliye mbele yangu ni 0417.

Mamake alitia sahihi mlangoni, akauliza,
"Hii ni ya basari?"
Nikamwambia ni utafiti.
"Haya. Mwambieni asome."

Swali la tisa: Je, una mpenzi?
Akacheka, kiganja mdomoni.
"Yupi? Anitumiaye salio,
au yule nimpigiaye nikilipata?"
Kisanduku ni kimoja. Nikangoja.
"Tia ndiyo. Tia hapana. Kalamu si yako?"

Swali la kumi na nne lilitafsiriwa Nairobi
na mtu asiyewahi kuona haya kwa Kimvita.
Nililisoma, likaanguka sakafuni kama kikombe.
Nikaliokota vipande, nikauliza kwa maneno ya kwetu:
Kuna aliyekutaka jambo, ukashindwa kukataa?
Feni.
Akavuta uzi wa buibui lake hata ukakatika.
"Kukataa," akasema, "hufunzwa darasa la ngapi?"

Hapo hapana kisanduku.

Ishirini na mbili: Ukifikwa na tatizo, utamwambia nani?
Mama. Baba. Mwalimu. Muuguzi. Rafiki. Hakuna.
Nyingine, taja.
Akazipitia kwa kidole, kama atafutaye jina lake
kwenye orodha ya waliofaulu.
"Muuguzi ni jirani. Habari itafika nyumbani kabla yangu."
Kwa mwalimu kidole kiliruka, hakikugusa karatasi.
"Andika wewe."
Nikadhani ameniachia nichague.
"La. Andika: wewe."

Siku tatu, hotelini Nyali, kwa chai na sambusa,
nilifunzwa kutokuwa mtu.
Nikaandika: mhoji.
Mkono ulitetemeka, herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Jumatatu Bwana Tsuma alisafisha takwimu.
"0417 ana jibu batili. Nimemtilia Hakuna."
Safu ikasimama sawa, ripoti ikapendeza.

Sasa kila Alhamisi nakwenda zahanati
bila dodoso. Nakaa pale penye mizani.
Nimemwambia mlinzi, Mzee Chivatsi:
akija msichana asiyetaka kusema jina, mpitishe.

Yeye hajaja.
Wamekuja wengine wawili.