Kumsukuma Bi Elspeth, Kirkdarroch

Kila Alhamisi zamu yangu ni kumtembeza mjini,
nami naanza na breki, kisha dua:
barabara kuu ya Kirkdarroch imeinuka kama paa,
na kama kupanda ni mchongoma,
kushuka na kiti cha magurudumu ndiyo ngoma.

Hapa palikuwa jela, anasema,
kidole chenye glavu ya kijivu kikiuelekea mnara wa saa.
Ghorofani zilihesabiwa kodi,
chini wakalala wadaiwa.
Saa ina nyuso nne, kila uso na uongo wake;
ule wa kaskazini uligoma saa tatu kasorobo
mwaka ambao hata yeye haukumbuki.

Ukutani mwa kanisa imebaki pete ya chuma,
upana wa shingo.
Waliotukana Jumapili walifungwa pale,
mvua ikawahubiria.
Niliigusa mara moja tu. Baridi yake haijasamehe.

Juu ya mlango wa muuza chipsi kuna linta ya jiwe:
1687, herufi nne, moyo katikati.
Maharusi walichonga ndoa yao juu ya vichwa
ili hata deni likija kubisha
lisome kwanza.
Moyo sasa umeshiba masizi ya mafuta.

Tukifika kiwandani, ananyamaza.
Siku hizi ni nyumba za kupanga, madirisha mapya,
ila kwenye matofali, rangi nyeupe iliyofifia
bado yatangaza kamba za kila aina.
Aliingia hapa ana miaka kumi na mitano,
kusokota katani iliyoshushwa bandarini kwa marobota.
Katani ya wapi? nilimuuliza siku ya kwanza.
Ya mbali, akasema. Ilikuja na vumbi jekundu.

Vumbi hilo nalijua, Bi Elspeth.
Lililala kwenye kope za baba yangu, Ngomeni,
akirudi kukata mkonge, viganja vimechanika,
akihesabu matita, si siku.
Muheza nzima haina jiwe lenye herufi zake.

Sikumwambia. Nilifunga breki.
Akaniita Morag, jina la dada yake aliyezikwa zamani,
akavua glavu, akavuta kamba ya kofia ya koti langu la mvua,
na vidole vilivyokwisha kusahau kijiko
vikapiga fundo chini ya kidevu changu,
upesi, bila kutazama.

Usiku huu nimehangaika nalo kwa uma, kwa meno.
Mwishowe koti nimelivulia kichwani.