Kabati

Ramani ya marehemu ami, ya mwaka hamsini na sita,
imeliwa na mchwa pale penye kipimo cha tezi.
"Plaiwudi?" Fundi Shekuwe akacheka. "Unaunda kabati."

Nikakata. Nikapaka gundi. Msumari wa shaba kila inchi mbili,
hadi kijiko kikanishinda kushika.
Penye tundu la mchwa
nikakisia.

Leo mkondoni Matondoni, kwa injini ya kuazima,
omo ikapanda, ikashuka, kisha maji yakatuachia:
chombo kizima hewani
ila viganja viwili vya mbao
vikigusa bahari kama kidole kinachopima pasi.

Shekuwe gatini amevua kofia.
Kabati linaruka, fundi!
Linavuta kushoto kidogo.
Najua kwa nini.