Nyuzi za Karatasi

Kabla hujakunja, chana.
Ndivyo alivyosema baba, mtu wa zamu ya usiku,
kucha zake nyeupe kwa rojo lililokauka.
Chana pembeni, kidogo tu, kama unayemmegea kuku ugali.
Ikichanika wima, bila kona, bila ubishi,
umefuata nyuzi. Ikienda kombo, geuza.
Karatasi ilikuwa mti, alisema,
na mti hausahau ulikokuwa unaelekea.

Sisi hatukuwa na haja na mti.
Tulitaka eropleni ipite kwa kina Khaoya,
ivuke kamba ya nguo, ivuke choo,
itue kule kwenye miwa ambako mbwa wao hajali.

Webuye, miaka ile, karatasi hakuna aliyeihesabu:
mabaki ya kiwanda, yaliyokatwa upogo, yenye doa,
yalikuja nyumbani chini ya makoti ya baba zetu.
Tulifunikia madaftari, tulifungia njugu, tuliwashia jiko,
na zilizosalia zikaota mabawa.

Sitati alikunja pua butu, mara saba,
ikaenda kama jiwe na kuanguka kama jiwe.
Mukhwana alichana mkia akaupinda juu;
yake ikazunguka, ikamrudia kifuani,
tukamwambia hata ndege yako inaogopa kutoka kwenu.
Namalwa hakusema kitu. Alipiga ukucha kwenye mkunjo,
akapiga tena, hadi ukang'aa,
akaipulizia puani pumzi moja ya moto.
Mbona unaipulizia?
Ndiyo ijue ni ya nani.

Na kabla ya kurusha tulitazama bomba,
lile refu la kiwanda, na moshi wake.
Ukilalia Chetambe, tunasimama upande wa kisima.
Ukilalia mto, tunapanda kichuguu.
Ulinuka mayai viza. Ulitafuna mabati yetu
mpaka tukahesabu nyota tukiwa kitandani.
Lakini ulitusomea upepo bure,
na mtoto hapimi zaidi ya hapo.

Siku ile ya Namalwa sina saa ya kuithibitisha.
Ilipanda. Hiyo tu.
Ikapita mpapai, ikasimama kidogo hewani
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata,
ikakumbuka, ikageuka.
Mama Khaoya aliacha kufua, povu hadi viwikoni,
akasema: Ai!
Hatukuiona ikitua. Hata leo nikipita
huwa naitupia jicho miwa ile.

Halafu bomba likanyamaza.
Sitaeleza. Wenye kueleza walieleza mikutanoni,
wakisoma kwenye karatasi za kununua.
Ninalojua ni kwamba asubuhi ile tulitoka na eropleni mikononi,
tukatazama juu,
na mbingu haikuwa na la kusema.
Mukhwana akalamba kidole. Sitati akarusha makapi ya wimbi,
yakamwingia machoni.

Baba alikuwa kizingitini, mchana kweupe,
mtu asiye na zamu, akituangalia tukibahatisha.
Kisha akanyoosha mkono: Leteni.

Ulikuwa ukurasa wangu wa hisabati,
tatu kwa kumi, wino mwekundu.
Alama hakuzitazama. Aliusugua
kati ya gumba na kidole cha shahada,
akataja uzito wake kwa gramu,
akasema huu haukutoka kwetu,
akachana kipande pembeni.

Akakunja. Wallahi sijaona mkunjo kama ule:
pua kama sindano, mabawa mapacha,
hata Namalwa alisogea karibu.
Baba akasimama. Akavua kofia.
Akarudi nyuma hatua tatu, akarusha

na eropleni ikaenda moja kwa moja
kwenye karai la mama Khaoya.

Hakuna aliyethubutu kupumua.
Ila Namalwa:
Mzee, ulifuata nyuzi?

Nilizifuata, akasema, akiangalia tatu kwa kumi yangu
ikivuja wino katika povu,
nilizifuata kabisa. Upepo ndio haukunifuata.
Na mabega yake yakaanza kutikisika,
yeye wa kwanza, kisha sisi, kisha mama Khaoya,
hadi mbwa akatoka kutazama.

Leteni nyingine, akasema.