Isiyo na Mdomo

Fedha za korosho zimeingia Alhamisi, mnada wa pili,
bei ya kuridhisha kwa mtu ambaye hakutarajia kitu.
Nimelipa deni la salfa, nimelipa waokotaji,
mama kapata doti ya kanga na dawa za presha za miezi mitatu,
na bado laki kumi na tano zinanikodolea macho kwenye simu.

Kibanda changu kiko Mkuti, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Mechi moja mia tatu. Ukifungwa, unampisha mwenzio.
Mashine niliyonayo ni nyeusi, nene, inapumua kama mwenye pumu;
pedi ya kulia nimeitia kipande cha kandambili
chini ya kitufe cha kupigia shuti.
Watoto wa Jida wameanza kunikwepa:
"Da Somoe, wachezaji wa kwako hawana nyuso."

Nikateremka Mtwara, Chikongola, dukani kwa Nankoma.
Akaziweka mbili juu ya kaunta, nyeupe, pacha,
moja ina mdomo, moja haina.
Isiyo na mdomo imepungua laki mbili.
"Hii hailishwi diski. Gemu zinashuka kutoka hewani."
Nikamuuliza: kwa bando la Masasi, gemu moja itashuka mpaka lini?
Akacheka. Kumbe naye ana ndugu Masasi.

Na yenye mdomo?
Yenye mdomo inakula, ila inachagua.
Diski za mashine iliyoitangulia, sawa, karibu zote.
Za ile ya nyuma yake inazizungusha, inasikiliza, inatema.
Baba yake inamjua.
Babu haimjui.

Mimi ninazo za babu, arobaini na moja,
ndani ya ndoo ya rangi, zimefunikwa kitenge.
Na kadi, ndogo kama biskuti, ina maandishi ya kalamu ya wino:
MFAUME. USIGUSE.
Kaka yangu alivuka Ruvuma na begi moja
akaacha ligi yake wiki ya thelathini na moja,
pointi nne mbele.
Akituma sauti kutoka huko machimboni,
hata hali ya mama hajaiuliza: "Ligi yangu ipo?"
Ipo, Mfaume. Ila duniani kote
ipo ndani ya mashine hii yenye pumu.

Kipya kinyemi, najua, ingawa kidonda.
Miaka minne iliyopita bwana shamba alikata mikorosho ya marehemu baba,
akaacha visiki vya kufika kiunoni,
akavibebesha vikonyo vya mbegu mpya.
Nililia siku ile hadi nikaona haya mbele ya vibarua.
Mikorosho hiyohiyo ndiyo imelipa fedha hizi.
Lakini chini pale kisiki ni kilekile,
shimo ni lile alilochimba baba.
Nikamwambia Nankoma, mimi nataka mashine ya kubebesha,
siyo ya kung'oa.
"Hiyo bado hawajaitengeneza, dada. Sasa, unalipia ipi?"

Nimelipia yenye mdomo.
Leo foleni imefika barabarani, na kila mchezaji ana uso,
ana jasho, ana mpaka mshono wa soksi.

Usiku nimefunga mlango, nimeiwasha ile nene.
Nimegusa. Mechi moja tu, kwa niaba ya mwenyewe.
Nimesawazisha dakika ya tisini, kwa kichwa, kwa bahati,
nimeruka peke yangu gizani kama chizi.
Kisha kioo kikauliza:
ya zamani ifutwe, mpya iandikwe?

Nimebonyeza hapana.
Sare yangu imepotea, hakuna aliyeiona.
Bado wiki ya thelathini na moja, bado pointi nne.

Kesho nene itahamia kwenye stuli ya mlangoni.
Mechi shilingi mia,
kwa wale ambao nyuso wanaweza kuzikumbuka wenyewe.