Jino kwenye Pua

Mchana natengeneza meno ya watu.
Al-Khuwair, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
nakwangua nta, namimina plasta, napima pengo
kwa unene wa karatasi ya sigara.
Jino likizidi kidogo tu, mtu hatafuni.
Likipungua, anacheka kafunika mdomo.

Usiku naunda ndege isiyokuwepo.

Haina kiwanda wala nchi.
Ina meza ya kukunja, taa ya kubana,
na vitofali vya plastiki kilo tisa
ndani ya gunia la mchele wa basmati.
Nilivinunua Wadi Kabir kwa watu waliokuwa wanahama:
mama anafunga masufuria kwa magazeti,
mtoto kakaa juu ya begi, ananitazama
kama nimekuja kumchukua ndugu yake.
Riali kumi na mbili. Sikuomba kupunguziwa.

Agosti. Saa nne usiku, nje digrii thelathini na nane,
kiyoyozi kinadondosha maji ndooni, to, to,
nami nabishana na bawa.

Nimelitaka refu, jembamba, limeinamia mbele
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Nikitia bawaba moja, linashuka taratibu, kwa adabu,
kama kope za mgeni aliyechelewa kuaga.
Nikitia mbili, linasimama,
lakini chombo cha mbio kinatoka nyonga
kama mwali aliyefungiwa ndani miezi mitatu.
Nimelivunja mara kumi na moja.
Mara ya tisa nilimlaumu Mundhir, mtoto wa kaka,
aliyekuja Ijumaa akatundika mizinga sita chini yake
akasema, "Shangazi, sasa inatisha!"
Ikaanguka hajafunga mdomo.

Mama kapita na kikombe chake cha chai ya tangawizi.
"Hino ndege ya nani?"
Ya vita, mama. Vya nyotani.
"Wanapigana na nani?"

Nikanyamaza. Adui sikuwa nimemfikiria.
Nilikuwa nafikiria bawa tu.

Kijivu kimekwisha. Mkia nimeuunga kwa kijani cha bamia,
nikajiambia ni kutu ya sayari yenye mvua.
Natia mkono guniani kutafuta kipande bapa,
vinundu viwili kwa sita,
vidole vikagusa kitu kisicho plastiki.
Vidole vyangu havihitaji taa kwa hilo.

Jino la maziwa. La mbele, la chini, kushoto.
Mzizi umeliwa kama inavyopasa,
ukingoni msumeno mdogo haujasagika bado.
Sisi yetu tuliyarusha juu ya paa tukaomba mapya.
Yule yake kaliweka kwenye vitofali, akalisahau,
au hakulisahau, akaniuzia akinitazama.

Nilipiga ile namba. Haipatikani.
Nikapiga tena asubuhi, nikijua.

Siku hiyo kazini nilikuwa na daraja la bwana mmoja kutoka Bausher:
pengo moja, majirani wawili wazima.
Jino la bandia halina mzizi, halijibebi;
linaning'inia katikati, linashikwa huku na huku,
na mtu anavunjia njugu.
Nikasimama na patasi mkononi kama nimeitwa jina.

Usiku nikaitoboa ndege tumbo.
Ufito mmoja mrefu, kutoka bawa hili mpaka lile,
unapita chini ya kiti cha rubani.
Sasa la kushoto linashikwa na la kulia,
la kulia na la kushoto,
na kiwiliwili kimekaa kati yao chembamba, hakijui kinabebwa.
Nikainyanyua kwa vidole viwili. Nikaitikisa.
Nikaipeleka mpaka jikoni na kuirudisha.

Kwenye pua nimeacha chumba cha kinundu kimoja,
mlango wake wa plastiki angavu.
Asiyejua atadhani ni taa.

Mundhir anakuja Ijumaa na mizinga yake.
Nimemwachia nafasi ya miwili.
Ya tatu atalia, na alie;
bawa hili nimelihesabia.