Chika

Mwaka huu hatukwenda Kitui kwa Susu.
Nauli ilipanda kabla hatujafunga begi,
ikapanda tena tukiwa bado tunahesabu,
basi tukalifungua begi, nguo zikarudi kabatini,
na jengo zima pale Umoja likabaki letu
na la Mama Atieno wa ghorofa ya pili,
na la Mzee Barasa wa geti,
na la jogoo wa mtu, aliyefungwa kamba kwenye ngazi,
ambaye sote tulijua hatauona mwaka mpya.

Usiku wa tarehe ishirini na tatu, Mumbe alipolala,
tulikaa sakafuni tukinong'ona kama wezi.
Mimi nilikata magurudumu manne
kutoka slipa iliyokwisha kisigino,
nikayatia kwenye pakiti ya maziwa: lori.
Si la kujivunia. Lilielemea kushoto
kama malori ya mchanga yatokayo Machakos.
Mutanu alishona mwanasesere
kutoka shati langu la harusi, lile lenye doa la chai
ambalo miaka minne namsingizia mjomba.
Macho, vifungo viwili: cheupe, cha buluu.
"Ananishangaa," nikasema.
"Analishangaa lori lako."
Tokeni ikaisha tukiwa kwenye mdomo.
Akaumalizia kwa tochi ya simu,
ndiyo maana umepinda,
ndiyo maana mwanasesere yule alionekana
kama mtu aliyeambiwa siri akakatazwa kucheka.

Krismasi asubuhi, unga hadi kwenye nyusi.
Kwetu chapati hurithiwa:
marehemu baba alisukuma,
mama akageuza kwa vidole vitupu,
sisi tukaiba.
Mumbe ana mwaka mmoja na miezi tisa
na neno moja jipya, alilolipata Jumanne.
Tulimpa lori. Akaligeuza chini juu, akalikagua,
akalipeleka mlangoni kwa mwana wa Mama Atieno:
Chika.
Tulimpa mwanasesere. Akambusu kifungo cha buluu,
akashuka naye ngazi, makalio kwanza,
mimi mbele yake nikirudi kinyumenyume,
mikono nimeitandaza kama golikipa,
hadi kwa Mzee Barasa na redio yake.
Chika.
Mzee akasimama. Akavua kofia.
Akapokea kwa mikono miwili.
Nani angethubutu kumdai?

Akagawa kijiko. Akagawa soksi yangu, moja.
Jogoo alipewa kiazi.
Mutanu alipewa kibanio cha nguo,
akabania nywele, akapika hivyo mchana kutwa,
na nilipomwambia anapendeza
alidhani namtania.
Saa tano haijafika, kazi yetu ya usiku kucha
ilikuwa nyumba za watu.
Nilinuna kidogo, kusema kweli.
Nilikuwa nimelipenda lile lori.

Saa kumi Susu akapiga simu.
Tukaongeza sauti. Mbuzi walisikika, na upepo,
na kimya cha mtu anayemeza mate.
"Mlikula?" Tulikula.
"Chapati zilitoka laini?" Mutanu akanitazama.
Zilitoka, mama.
"Na huyo mtu mdogo?"

Mumbe alikuwa na donge la unga mbichi,
limeshageuka rangi ya sakafu,
alilolifumbata tangu asubuhi,
kitu pekee ambacho hakumpa mtu.
Akalibandika kwenye simu, pale panapotokea sauti,
akalikandamiza kwa kidole gumba.
Chika, Susu.

Sauti ikaziba, ikawa ya mtu aliye ndani ya mtungi.
Lakini tuliisikia sote, hata Mzee Barasa
aliyekuwa amepanda kurudisha sahani,
mwanasesere akichungulia mfukoni mwa koti lake:
"Nimeshika, mama. Mbona zito hivi?
Nimeshika."

Nimelichokonoa kwa sindano, kwa kijiti, kwa mswaki.
Halitoki lote.
Hadi leo, mtu akinipigia,
namsikia kupitia unga.